Bi Mwanakheri na Kobe wa Kupiga Hodi

Wasikilizaji wapendwa, salamu zenu zote nimezipokea. Kila wiki kipindi hiki hukifungua kwa neno moja la kuwakaribisha. Leo neno hilo sitakwambieni. Mtanielewa kabla hatujaagana.

Leo tunamkumbuka Bi Mwanakheri binti Jaku, wa Kiponda, hapa Mji Mkongwe. Amefariki Jumatano iliyopita, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Bi Mwanakheri wa Kiponda. Kama jina bado halijakukaa, basi nikwambie hivi: yule mwenye kobe. Eh, sasa umemjua.

Alizaliwa Mkokotoni, mtoto wa kwanza wa Mzee Jaku na Bi Sichana. Siku zile zile alizozaliwa, jirani yao mmoja alifariki kwa uzazi, akaacha kitoto cha kiume. Bi Sichana akakichukua. Mdogo wa marehemu, Bi Biasha, ametuhadithia alivyosikia: "Mama akiwanyonyesha pamoja. Huyu ziwa hili, yule ziwa lile. Akisema, hawa nshawafunga, hawafunguki tena."

Kitoto hicho ndicho Bwana Muhiddini. Nataka mlishike hili, wasikilizaji. Muhiddini na Mwanakheri ni ndugu wa kunyonya. Kwa sheria yetu ni ndugu kama waliotoka tumbo moja. Nyumbani kwa Mwanakheri wanaume wengine wote walipiga hodi, wakangoja. Muhiddini peke yake alisukuma mlango akapita, na tangu ukumbini akiuliza kumepikwa nini.

Mwanakheri aliolewa mjini na Bwana Simai, mtembeza wageni. Hawakujaaliwa mtoto. Kazi ya Simai ilikuwa kuwapokea abiria wa meli kubwa na kuwazungusha mjini mpaka meli ipige honi. Akiwaonesha ngome. Akiwaonesha milango yenye misumari ya shaba. Akiwapitisha sokoni wakaogope pweza. Lakini kitu walichokwenda kukihadithia kwao kilikuwa uani kwake. Kobe. Kobe mkubwa, mgongo wake ungeweza kubeba sinia la watu wanne. Babu yake Simai, baharia, alikuja naye kutoka Shelisheli akiwa mdogo wa kutiwa kikapuni, na ndiyo maana akaitwa Bi Sheli. Watoto wa mtaa wao walishikilia kwamba ameitwa hivyo kwa kupenda maganda ya shelisheli, lile tunda, na hakuna aliyeweza kuwatoa katika hilo.

Kobe wakubwa wapo kisiwani Changuu, mtaniambia. Wapo. Lakini wa Changuu hawapigi hodi.

Simai alimfundisha. Hakumtupia chakula hata siku moja. Alikishika mkononi, akangoja kobe atulie, akamwambia, "Karibu." Ndipo alipompa. Ikaenda hivyo miaka na miaka, mpaka kobe akawa hali kitu bila ya kukaribishwa. Kila alasiri Bi Mwanakheri alimfungulia mlango wa chini. Bi Sheli akatoka kwa mwendo wake. Akifika mlango wa jirani aliugonga kwa gamba: gu, gu. Halafu akangoja. Mwenye nyumba, yuko zake juu anapepeta mchele, hujibu, "Karibu, Bi Sheli!" akashuka na maganda ya ndizi. Asipojibiwa hakugonga tena, aliondoka taratibu. Na akikaribishwa, basi aliingia kweli, mpaka ndani kwa watu, na kazi ya kumtoa ikawa yenu. Kuna khitma moja aliingia, watu wakampisha akapita katikati.

Wageni walicheka mpaka wakashika kuta. Walikuwa wamepita miji mingi, lakini kobe anayeomba ruhusa hawajamwona. Bi Mwanakheri akiwapa kahawa, akisema, "Hawa wamevuka bahari kuja kuangalia adabu."

Ukaja mwaka 1964. Baada ya Mapinduzi meli za watalii zikakatika. Simai akakaa barazani na kofia yake ya kazi, hana wa kumtembeza. Miaka miwili baadaye kifua kilimshika, hakikumwachia. Siku alipojua kwamba hainuki tena, aliwaita Mwanakheri na Muhiddini, akawashikanisha mikono.

"Bi Sheli ni amana," aliwaambia. "Nimemkuta, na nitamwacha. Msimtoe mtaa huu."

Wakasoma Fatiha, wote watatu. Karatasi haikuandikwa. Kwetu Fatiha ikishasomwa, karatasi ya nini?

Miaka ikapita. Kuelekea mwaka 1970 wageni wakaanza kurudi, wachache wachache, kwa ndege na kwa meli. Muhiddini akapata kazi ya kuwatembeza. Aliijua vizuri, Simai mwenyewe alimfunza. Na kila kundi alilolipata alilifikisha Kiponda. Bi Mwanakheri alifurahi kupita kiasi. Akatoa kanga mpya sandukuni. Akawaambia majirani, "Mtaa umefufuka!"

Muhiddini alikuwa na maradhi yake, nayo ni hadithi za wageni. Wao waliona ya kwetu, yeye aliwauliza ya kwao. Wakamweleza juu ya mnara uliopinda usioanguka. Wakamweleza juu ya saa ya mnarani inayotoa vijisanamu nje vikacheza ngoma. Wakamweleza juu ya mji ambao njia zake ni maji matupu, na teksi zake ni mashua. Akija nazo barazani, akizisimulia utadhani karudi jana. Bi Mwanakheri alimtania: "Ndugu yangu, wewe umefika dunia nzima isipokuwa Pemba."

Watu walicheka. Muhiddini naye alicheka. Hakuna aliyejua lile jambo limemkaa vipi moyoni.

Mwaka 1971 akaja mgeni mmoja wa meli, mtu wa bustani ya wanyama huko kwao. Alimtazama Bi Sheli akipiga hodi, akamtazama tena. Kisha akasema anamtaka. Muhiddini ndiye aliyefasiri.

"Mwambie huyu si kuku wa kufungwa miguu," Bi Mwanakheri akajibu. "Na mwambie anywe kahawa yake, inapoa."

Mgeni akanywa kahawa, akashukuru, akaenda zake. Bi Mwanakheri alidhani yamekwisha.

Haukupita muda, meli ya yule mgeni bado iko bandarini, Bi Biasha akawa anaoza binti yake huko Mkokotoni. Bi Mwanakheri akafunga furushi lake.

"Nnakwenda, Muhiddini. Mfungulie kila alasiri, na usimsahau maji."

"Nenda, dada. Mimi nipo."

Mimi nipo. Hayo ndiyo maneno yake, wasikilizaji.

Aliporudi kutoka harusini alikuta ua mtupu. Mchicha umenyauka palepale ulipowekwa. Muhiddini kakaa chini, kichwa mikononi. Akamwambia kobe katoka alasiri kama kawaida yake, na hakurudi. Akalia. Bi Mwanakheri ndiye aliyemshika bega. Ndiye aliyembembeleza. "Usijilaumu, ndugu yangu," alimwambia. "Kobe hendi mbali. Tutampata."

Wakamtafuta pamoja. Kichochoro kwa kichochoro, Bi Mwanakheri mbele, Muhiddini nyuma, wakiita, "Bi Sheli! Bi Sheli!" Mtu akasema kobe kaonekana Chukwani. Wakenda Chukwani, wakapekua vichaka mpaka miguu ya bibi ikatoka damu. Muhiddini akamtoa miiba. Fikirini jambo hilo. Alikaa chini akamtoa miiba mguuni, na huku anajua.

Wakarudi. Walipofika Darajani, sokoni, wakakutana na Machano, hamali wa bandarini, anamjua bibi tangu zama za Simai. Machano akasimamisha mkokoteni wake.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, Machano."

"Pole na upweke. Bi Sheli kafika salama huko? Mna habari zake?"

Bi Mwanakheri hakuelewa. "Kafika wapi?"

"Si huko alikopelekwa na meli, bibi. Sisi ndio tuliomsukuma mpaka gatini." Machano akamtazama Muhiddini, na Muhiddini alikuwa anatazama chini. Hapo Machano akaona kaingia pabaya, lakini neno limeshatoka. Bi Mwanakheri akamuuliza jambo moja tu.

"Mlimfunga kamba?"

"Kamba ya nini, bibi? Alfajiri, mtaa umelala, tuliweka kasha hapo mlangoni kwako, mdomo wazi. Bwana Muhiddini akatangulia ndani ya kasha, akamwambia karibu. Akaingia mwenyewe. Sisi tukadhani ni ruhusa yako."

Machano ametuambia kwamba bibi hakupiga kelele. Alikaa palepale, juu ya mkokoteni, katikati ya soko, akajifunika uso kwa kanga. Muhiddini alisogea. Bi Mwanakheri akamwambia, watu wote wanasikia: "Wewe huingii tena kwangu bila ya hodi."

Wasikilizaji wapendwa, tulimwendea Bwana Muhiddini. Hakukataa kusema nasi. Alisema yule mgeni alimwahidi kumchukua katika meli hiyo hiyo, akamtunze kobe hukohuko, na kila kitu kitatengenezwa. Alifika gatini na begi lake na viatu vipya. Kasha likanyanyuliwa na winchi. Ngazi ya meli ikapandishwa. Mgeni akampungia mkono kutoka juu. "Nlitaka nione kitu kimoja tu cha huko kwa macho yangu," alituambia. "Maisha yangu yote nimewaonesha watu vya kwetu." Angeondoka, asingelazimika kumtazama dada yake usoni. Alipoachwa ndipo alipoutunga ule uongo.

Nimekufikishieni maneno yake kama nilivyoyasikia. Msinitake nimhurumie leo. Leo ni siku ya Bi Mwanakheri.

Tangu siku ile ya Darajani, kila Ijumaa baada ya alasiri, saa ile ile ya Bi Sheli, Muhiddini alikwenda Kiponda akasimama nje. "Hodi." Mara ya pili, "Hodi." Mara ya tatu, "Hodi, dada." Bi Mwanakheri alikuwa ndani, anamsikia. Hakumjibu. Na adabu yetu ni hodi tatu; usipojibiwa unarudi. Muhiddini akarudi. Ijumaa ya pili akaja tena.

Wengine nao hawakukaribishwa. Bi Mwanakheri aliacha kabisa kulitumia lile neno. Ukipiga hodi kwake alikujibu, "Pita." Ukiletewa chakula alikwambia, "Kula." Wageni wasiomjua walimwona ana kiburi. Lakini kahawa yake ilikuwa ile ile, na hakuna aliyetoka kwake na njaa.

Wazee walikwenda kumsemesha. Mdogo wake alikwenda. "Nlimwambia, dada, msamehe, mmenyonya ziwa moja," anasema Bi Biasha. "Akanambia, kusamehe nshamsamehe, niko mimi na Mungu wangu. Neno lile ndilo sina. Kalitumia lote."

Miaka miwili ilikwenda hivyo. Kisha Bi Mwanakheri akaugua, akaugua kidogo tu, akafa.

Jumatano ile, wanaume walipokuja kulichukua jeneza, mlango wa Kiponda ulikuwa wazi. Kila mtu alipita, majirani, mahamali wa bandarini, hata watu wasiojulikana. Muhiddini alisimama nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema.

Akasema tena. Akasema mara ya tatu.

Bi Biasha alikuwa nyuma ya pazia, hatua chache tu. "Nlimsikia," ametuambia. "Neno lilinifika hapa kooni. Nami pia ni ndugu yake, nami nimenyonya alikonyonya yeye. Lakini nyumba si yangu, na mwenye nyumba alikuwa kalala pale. Sikuthubutu kumjibia."

Muhiddini akarudi nyuma. Jeneza likatoka, likapita mbele yake. Kaburini walipoulizwa maharimu, ndugu wa kiume wasioweza kumwoa, wamteremshe marehemu, walishuka watoto wa Bi Biasha. Muhiddini alibaki nyuma ya watu, viatu mkononi.

Kwa Bi Biasha na wanawe, kwa ukoo wote wa Mkokotoni na Tumbatu, kwa watu wa Kiponda, sisi wa kipindi hiki tunakupeni mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mwanakheri binti Jaku, amkutanishe na Simai wake.

Nanyi wasikilizaji, nakuombeni jambo moja. Kila mmoja wetu ana nyumba anayoingia bila ya hodi. Leo kabla hujalala, mkumbuke mwenye nyumba hiyo, ujiulize umekuwa ukiingia kwake kufanya nini.

Kobe huishi kuliko sisi. Basi huenda saa hii Bi Sheli yu hai, katika nchi ya baridi, na watu wanakata tiketi kwenda kumtazama. Ikifika alasiri atausogelea mlango wa chuma. Ataugonga kwa gamba, gu, gu. Halafu atangoja, kama alivyofundishwa Kiponda, aambiwe neno ambalo huko hakuna hata mtu mmoja anayelijua.