Simu Iliyokatazwa Kusalimu

Mgeni rasmi, Bwana Komiseri, pamoja nanyi nyote mlioketi chini ya turubai hili,

Jambo. Mlilala vizuri? Nyumbani mliwaacha wazima? Tunajua salamu zimeanza kuwa nyingi kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma yetu. Lakini karatasi hiyo inahusu simu, haisemi kitu juu ya risala. Tumeisoma mara tatu ili tuhakikishe.

Sisi ni wasikilizaji wa simu ya polisi hapa Baraka. Tumempa Mama Adolphine, anayetupikia chai, asome kwa niaba yetu, kwa kuwa neno likimteleza mwanamke wa umri wake, watu husema ni meno. Utusamehe tukisoma mbio. Dirisha la chumba cha simu tumeliacha wazi. Kengele ikilia, tutakuacha umekaa.

TULIKOTOKA

Waya uliletwa mwaka wa 1954, kutoka Nundu hadi Kazimia, na tawi moja linalopanda hadi Fizi. Waya ni mmoja, kengele ni moja. Ikilia hatujui ni wapi wanatuita. Tunajua tu kuna mtu mwenye shida, maana mwenye raha haji kwenye simu ya polisi.

Msikilizaji wa kwanza alikuwa Placide. Hakuna aliyemfundisha namna ya kuuliza. Aliinua simu akasema kama anayepiga hodi: "Jambo. Mulilala muzuri? Kwenu habari gani?" Akijibiwa kwamba ng'ombe wamelala vizuri, alijua ni mlimani. Akisikia muhogo umelowa mvua, ni Nundu. Akisikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, wameanikwa na jua limekataa, ni Kazimia. Kabla ya mtu kumaliza kulia, askari walikuwa wamevaa viatu.

YALIYOTUPATA

Mwezi wa tatu mwaka huu ikaja karatasi yako. Inasema simu si mahali pa salamu. Msikilizaji aulize: Wapi? Nani? Nini? Basi. Tuliitii siku hiyo hiyo, na tulichovuna ni hiki:

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwetu!"

"Kwenu wapi?"

"Unauliza kwetu ya nini? Unataka kuoa?"

Tukacheka. Wiki iliyofuata hatukucheka. Asubuhi kengele ililia, Placide akauliza "Wapi?" kama alivyoamriwa. Sauti ya mama ikasema, "Weye uko mutoto ya nani? Hata jambo hakuna?" Simu ikawekwa chini.

Placide alibaki ameshika chombo sikioni. Alijua hakuna mama anayeacha kazi za asubuhi akatembea hadi kwenye simu ili agombane tu. Akatazama karatasi, akatazama kengele, akatazama karatasi. Kengele ilipolia tena, mdomo wake ulimtangulia.

"Jambo, mama. Mulilala muzuri?"

"Aa, sasa ni muntu! Mi nililala, baba. Lakini bwana yangu na benzake batatu, makasia imeanguka mu maji, mutumbwi iko inaenda nabo."

"Pole, mama. Ndagala imekauka?"

"Itakauka na nani? Tumeiacha yote kwa muchanga, tuko tunaangalia maji."

"Na jiko, moto inawaka?"

"Inawaka, lakini leo moshi yote inakimbilia ziwa. Jana ilikuwa inaingia mu nyumba."

"Asante, mama. Ukae hapo. Tunakuja."

Huyo alikuwa Mama Pulchérie wa Kazimia. Dakika nne, tulipima. Ndagala walimwambia Placide mahali. Moshi ulimwambia kwamba upepo unatoka mlimani na kuwasukuma watu wale ndani ya ziwa. Bila moshi ule, mashua ya polisi ingepekua ukingoni hadi jioni. Ilikwenda moja kwa moja ndani. Wote wanne walirudi, na bwana wa Pulchérie aliulizia chakula kabla hajafika nchi kavu.

Mtumbwi huo ulikuwa unapeleka mfuko wa barua Kazimia. Ndani yake mlikuwa na karatasi yako, nakala ya Kazimia. Ililowa, wino ukaondoka wote. Tunasikitika kukuarifu kwamba Kazimia wangali wanasalimia.

YANAYOTUSUMBUA

Placide aliandikiwa kosa la kusalimu kwenye simu: dakika nne. Leo ni siku ya ishirini na moja anakata nyasi pale getini, na leo wewe ndiye utakayesema arudi kitini au arudi kwao. Kengele ikilia, panga lake husimama hewani. Kitini yuko Anatole. Ni mtu mwema, lakini "Wapi?" yake hutoka kama anafukuza kuku. Juzi watu wawili walimwekea simu chini. Hatujui walikuwa nani. Tangu juzi tunatazama barabara, tukingoja habari zao zitufikie kwa miguu.

TUNALOOMBA

Jana ulipofika getini kutoka Fizi, ulimwambia mkata nyasi, "Jambo, habari?" Ulifanya vizuri. Alijibu, akakuuliza safari ilikuwaje. Ukamwambia, kwa kinywa chako, kwamba mbao za daraja la pili zililia chini ya gari. Alitupa panga, akaja dirishani, akamwambia Anatole, naye akapiga simu. Asubuhi hii mafundi wamebadilisha mbao tano. Mbili zilikuwa zimeoza kabisa, wanashangaa ulipitaje.

Hukuulizwa Wapi, Nani, Nini.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja, nalo ni "jambo". Na Placide akae kitini pake.

Mungu akutangulie kwenye kila ubao. Ukifika Fizi, tafadhali inua simu utuambie. Akiinua Anatole, utaulizwa Wapi. Akiinua Placide, utaulizwa kama umefika salama, na kama umekula. Ni nani atakayeinua, utatuambia kabla hujapanda gari.

Ni sisi,
Wasikilizaji wa Simu ya Polisi, Baraka, 1957,
tukimhesabu na yule aliye getini.