Nyayo Juu ya Tembe Letu

Sogeeni, wanangu. Marko, kaa huku kichwani, na wewe Hana nishike mkono, maana nina maneno ya kuwaachia na sina budi kuyasema kwa kunong'ona. Mnasikia nyayo zake juu yetu? Mzee Bartolomayo huyo, nimemwomba apande juu ya tembe anikusanyie uwele alionianikia juzi. Udongo wa paa ni mnene, hatatusikia, ila akianza kushuka nitanyamaza. Naogopa, wanangu. Kifo sikiogopi, namwogopa yeye.

Mali nitaisema upesi. Tembe hili ni la Hana, asitolewe humu na mtu yeyote. Kisima changu cha mchangani kule mtoni Ihumwa ni chenu nyote wawili. Mkifunike kwa miiba mkimaliza kuchota, na mchote kwa zamu bila kununiana kama mlivyozoea utotoni. Ng'ombe ni wako, Marko, isipokuwa yule mweupe wa marehemu kaka yenu Seth, mpelekeeni mjane wake. Basi, ya mali yamekwisha.

Seth tulimzika mwaka ule askari wa Wadachi walipokuwa wakija kuchukua vijana wa kazi ya reli, nanyi mnakumbuka walivyokuja na majina tayari, wakawaita vijana wetu mlango kwa mlango kana kwamba wamekua nao. Seth aligundua kwamba majina yanatoka kwa mmoja wetu, hapa hapa kijijini kwetu sisi Wakristo, anayempelekea akida ili wanawe mwenyewe wasiguswe. Nilimsihi aniambie ni nani, akakataa. Kanuni yetu mnaijua: ndugu akikosa, mwendee kwanza peke yako, mwonye faraghani, usimchafulie jina mbele za watu. Akasema, "Mama, leo nimemwita hapa nyumbani tuzungumze. Asipotubu, Jumapili nitasema kanisani." Nikajitwika mtungi, nikaenda mtoni. Niliporudi alikuwa amelala chini ya ukuta huu, kichwa kimepasuka, uwele umemwagika juu yake, na watu wakasema ameteleza juu ya tembe. Tukaamini. Sisi ni watu tusioapa wala kushika silaha, nani angewaza jingine?

Lakini ili nimfikie mwanangu niliruka gogo, hili hili lenye vidato tunalopandia juu. Lilikuwa limelazwa kando ya ukuta, vidato vimegeuzwa ndani, upande wa ukuta. Kilio kilinipofusha, sikujiuliza kitu. Sisi hapa huliacha limesimama mwaka mzima, maana mbuzi wetu hulala mbali na nyumba. Mpaka juzi, Bartolomayo alipokuja kunisaidia kuanika uwele, nami nimelala hapa mlangoni, nikamwona anashuka, analilaza gogo kando ya ukuta, anageuza vidato ndani. Nikamuuliza kwa nini. Akacheka, akasema kwao Makutupora mbuzi hulala ubavuni mwa nyumba, na ukiliacha gogo limesimama hupanda wakamaliza nafaka yote, basi mkono wake umezoea hivyo. Wanangu, nilitetemeka mpaka meno yakagongana, naye akanifunika shuka akidhani ni homa. Kama Seth alipanda peke yake akaanguka, gogo alililaza nani?

Na wewe, Marko, jana umemwambia kwamba utakwenda kumuuliza akida nani aliyekuwa akimpa majina. Umemwambia yeye! Papo hapo akakuomba mfuatane kesho porini kukata nguzo, ninyi wawili tu. Usiende. Kwa maziwa uliyonyonya kwangu, usiende. Wala usimwendee faraghani. Kanuni ni njema, lakini ndiyo iliyomkutanisha Seth naye bila shahidi. Mara hii kanuni ivunjeni. Jumapili simameni wote wawili mseme mbele ya kila mtu. Msimpeleke bomani, Wadachi watamnyonga na kijiji kizima kitachapwa viboko. Wazee wamtoe kwetu, aende zake, asirudi.

Hamniamini. Marko, unatazama pembeni, najua ndiye aliyekufundisha kusoma. Hata mimi nimejiuliza kama ni homa, ndiyo maana nimempandisha juu leo mkiwapo. Akishuka akaliacha gogo limesimama, nizikeni na haya maneno yangu, myasahau. Akililaza...

Nyayo zimefika ukingoni. Pumzi inaniishia, ngojeni... nizikeni ubavuni mwa Seth. Msiachane ninyi wawili. Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape watoto wa kuwazika ninyi, msije mkawazika wao kama nilivyomzika wangu. Mikono yangu ni mizito, Hana, iweke wewe vichwani mwenu... hivyo. Nimewabariki.

Kimya sasa. Anashuka.

Mmesikia? Limegusa chini. Na huko... anageuza vidato.

Hana, futa machozi, upesi. Marko, mwanangu, kunjua ngumi. Nitazameni mimi, msimtazame yeye.

Karibu ndani, Mzee Bartolomayo. Asante kwa uwele. Kaa, baba, kaa... nilikuwa nawaaga watoto. Marko ameniahidi... kesho haendi popote.