Evelina Nkwabi, Aliyeufuata Mtaa Uliohama

Marehemu Evelina Nkwabi, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Luka, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Agosti 1963, njiani kuelekea Runzewe, juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Mama yake, Generoza, alikuwa akipika uji minadani, na siku ile hakutaka kuukosa mnada. Baba yake, Mzee Nkwabi, alisimamisha ng'ombe pembeni, akasubiri. Jua lilipotoka, safari iliendelea ikiwa na mtu mmoja zaidi. Labda ndiyo sababu Evelina, maisha yake yote, aliipenda ile saa ambayo ukungu bado haujaamua kuondoka.

Alisoma shule ya msingi Runzewe hadi mwaka 1977, na sekondari mjini Shinyanga hadi 1981. Alikuwa mtoto wa kukaa dirishani. Mwalimu akimwita, "Nkwabi, uko wapi?" alijibu kwa heshima, "Nakaribia, mwalimu." Mwaka 1984 alipata cheti cha biashara.

Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa huko Ushirombo na Ansgar, fundi seremala, wakajaliwa watoto watatu. Kazi ilipomhamisha Evelina, mzee Ansgar alifungasha randa na misumeno yake, akamfuata. "Nimeoa upepo," aliwaambia rafiki zake, "na milango yote natengeneza mimi." Walikaa Shinyanga mjini, kisha Mhunze, na mwaka 2013 wakafika hapa Igalamawe, Evelina akiwa afisa biashara wa halmashauri. Leseni za maduka, mashine za kusaga, saluni na mabucha zilipita mikononi mwake. Evelina alimuuliza kila mwombaji swali ambalo halikuwa la ofisi: "Na hiyo biashara uliiota lini?" Watu walicheka, kisha walikaa, wakamsimulia.

Mwaka 2019 dhahabu ilitoka upande wa magharibi wa mji, na kukazuka mtaa wa maturubai: akina mama lishe, vinyozi, wachaji simu. Hawakuwa na leseni, na mgambo waliwachukulia vyombo. Hosiana, mpishi wa wali maharage aliyekuwa akilea watoto peke yake, alinyang'anywa sufuria mara mbili. Alimwambia Evelina, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, wakichukua na hii ya tatu, wanangu watakula nini?" Evelina aliisumbua kamati ya leseni mpaka ikakubali. Alfajiri moja ya Juni alitia leseni zile mkobani, akaenda kuzigawa mwenyewe.

Alipofika hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukungu, na mafiga matatu matatu yamejipanga mpaka upeo wa macho, majivu yake bado yana joto. Alisema baadaye kwamba alidhani bado amelala. Alikaa juu ya figa moja, akangoja kuamka.

Aliyetokea ukunguni alikuwa Hosiana.

"Shikamoo, Mama Luka. Umechelewa. Mtaa umehama."

"Marahaba. Umehamia wapi?"

"Dhahabu imetoka nyuma ya kile kilima. Wachimbaji wameondoka usiku. Tusipowafuata, wali tutamlisha nani? Mawe haya?"

"Na wewe umerudia nini?"

"Mafiga yangu. Yameshaizoea sufuria yangu. Hilo ulilokalia ni langu, mayu."

Evelina alisimama, akajitwisha lile figa, wakavuka kilima pamoja. Lakini leseni zilitaja eneo lililoachwa, na huko mbele hazikumkinga mtu. Ikabidi arudi kwenye kamati. Mwenyekiti, mzee Athanas Maduhu, ambaye yuko nasi hapa, alimwambia, "Mama Luka, leseni si mbuzi, hata imfuate mwenyewe." Wajumbe wakaangua kicheko. Evelina alingoja kitulie.

"Mwenyekiti, mimi nilizaliwa njiani. Katekista alipouliza ni wapi, mama alimwambia, 'Njiani.' Katekista hakumwambia anirudishe nikazaliwe nyumbani. Aliandika jina la parokia yote, nikabatizwa. Nasi tuandike kata yote. Mama lishe popote atakapotua mafiga ndani ya kata, awe yuko kwake."

Mzee Athanas alivua miwani, akachukua kalamu. "Basi tuandike kata," alisema. Sufuria ya tatu ya Hosiana haikuchukuliwa.

Evelina alistaafu Agosti 2023. Mwaka uliofuata moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Yeye aliyekuwa akienda kila mahali sasa alilala karibu na dirisha, kama shuleni. Alimuuliza kila aliyekuja kumjulia hali, "Mtaa uko wapi leo?" Naye aliambiwa: uko Bugarama, umerudi bondeni, umevuka barabara. Alifumba macho, akatabasamu, akaenda nao.

Juma lake la mwisho akina mama wale walikuja na mafiga yao, wakapika uani ili waliokuwa wakimuuguza wapate kula. Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, moshi ulipita dirishani. Aliuliza tena kwa sauti ndogo, "Mtaa uko wapi leo?" Hosiana alimshika mkono. "Uko hapa, mayu. Umehamia kwako." Alisema, "Basi nimefika," akalala, na hakuamka.

Marehemu ameacha mume wake, mzee Ansgar, aliyelitengeneza jeneza hili kwa mikono yake, watoto wake Luka, Suzana na Januari, wajukuu saba, na mtaa mzima ambao leo mafiga yake yako hapa uwanjani.

Bwana aliyemkuta njiani siku ya kwanza amemkuta nyumbani siku ya mwisho. Amlaze palipo na amani, mahali ambapo hakuna kuhama tena. Asante, mama. Wabeja, mayu.