Kikombe Kwanza, Mafuta Baadaye

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza, lakini redio usiiguse. Leo tunamkumbuka fundi wa majiko. Nasema majiko madogo ya safari, yale ya mafuta, yenye tangi na pampu, ambayo wapanda milima huyabeba mgongoni. Tulimwita Mama Kikombe. Ametutoka Alhamisi iliyopita, kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka sitini na mmoja. Narudia: Mama Kikombe, fundi wa majiko ya safari, hatunaye tena.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la viatu. Meza ya mbao, kopo la sindano za kuzibulia, vipande vya ngozi vya pampu vimetundikwa kwenye msumari. Harufu ya mafuta ya taa ilikupokea kabla ya mwenyeji. Lakini jiko halikuwashwa mle ndani hata siku moja, hata mvua inyeshe vipi. Liliwashwa nje, barazani. "Moto unakula hewa," alikuwa akisema, "na sumu yake haina harufu. Ukiwasha jiko ndani ya hema, umejichimbia kaburi lenye zipu."

Mimi mwenyewe nilikwenda kwake na haraka zangu za utangazaji. Nikamwonyesha jiko moja linalong'aa, nikasema nalitaka lile. Akaniuliza: unakwenda wapi? Mko wangapi? Kuna baridi kiasi gani? Na huko mnakokwenda, dukani wanauza petroli au mafuta ya taa? Nikamwambia sijui. "Hujui uendako, halafu unataka nikuuzie moto? Rudi ukijua." Alinifukuza mara mbili, wasikilizaji. Mara ya tatu nilikwenda na majibu nimeyaandika kwenye karatasi. Akaniuzia jiko baya kwa sura kuliko yote, na linawaka mpaka leo.

Sasa, ukali ule ulikuwa na chanzo chake. Miaka kumi na tisa iliyopita, Mama Kikombe alikuwa mpishi wa kambi ya wapima ardhi. Mdogo wake wa kiume alikuwa hapo hapo, kazi yake kubeba vigingi. Mchana mmoja wingu limetanda, wakubwa wanataka chakula, jiko moja likaisha mafuta sufuria ikiwa nusu kuiva. Hakusubiri lipoe. Akafungua kifuniko, tangi likiwa bado la moto. Hatua mbili pembeni, jiko la pili lilikuwa linawaka. Mvuke wa mafuta ukaudaka moto. Aliyekuwa amemshikia faneli ni mdogo wake. Majuto ni mjukuu. Mkono wa kulia wa kijana ukaungua, na vidole viwili havikunjiki hadi leo.

Mdogo mtu aliniambia hivi: "Sikumchukia dada. Nilimwogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikisikia njiti ya kiberiti, natoka chumbani. Na kitu alichopika yeye kilikuwa hakinipiti kooni." Miaka kumi na tisa, wasikilizaji. Miaka kumi na tisa hakunywa hata chai ya dada yake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Dada mtu aliacha upishi, akajifunza kutengeneza majiko, na akaweka sheria yake moja. Jiko likizimika, hakuna kugusa kopo la mafuta mpaka kila mtu anywe kikombe cha chai, akimalize, bila kupuliza. Halafu unashika tangi. Likiwa baridi kabisa, ndipo unafungua. Ndiko lilikotoka lile jina. Na rafuni palikuwa na kikombe cha buluu ambacho hakikutumiwa na mteja yeyote. Alikiosha kila asubuhi. Ukimuuliza, anajibu, "Hicho cha mdogo wangu. Siku akija."

Miezi mitano iliyopita aliingia binti wa huyo mdogo wake, anayesomea mimea.

"Shikamoo, shangazi. Nataka jiko. Muhula ujao tunakwenda mlimani wiki tatu."

"Marahaba. Baba yako anajua?"

Binti akatazama viatu vyake.

"Siingizi jiko katika nyumba ile kwa mlango wa nyuma," shangazi akasema. "Mlete."

Baba mtu alikuja amekunja uso, akasimama mbali, huko kwenye duka la viatu. Dada hakuomba msamaha siku hiyo. Alishauomba mpaka maneno yakaisha. Alifanya kazi tu. Akachagua jiko la mafuta ya taa, kwa kuwa katika vijiji vya kule petroli haipatikani. Akajaza tangi bila kulifikisha ukingoni. Akafuta matone, akanusa viungio, akalisogeza kopo mbali. Akapasha kichwa cha jiko kwa spiriti kidogo, akapiga pampu, moto ukatulia, wa buluu. Maji yakachemka. Kisha akalizima kwa makusudi.

"Tuseme mafuta yameisha," akasema.

Binti akanyoosha mkono kwenye kopo.

"Kikombe kwanza!"

Akamimina vikombe vitatu vya chai. Cha buluu akakiweka ukingoni mwa baraza, akarudi kukaa. Mdogo wake akasogea hatua moja moja, akakichukua kwa mkono ule ule wa kulia.

"Nilikuwa namwangalia asivyofanya kitu," aliniambia. "Nusu saa nzima hakugusa kile kifuniko. Nikanywa. Sukari ilikuwa nyingi mno. Nilikuwa nimesahau kwamba dada yangu ana mkono mzito wa sukari." Hapo akacheka. Tangu siku ile, kila Ijumaa alikwenda kunywa.

Jumamosi tumemzika. Watu walikuwa wengi, majiko ya karakana yakatolewa uani kuchemshia chai. Katikati ya shughuli jiko moja likazimika. Jirani mmoja, mtu mwema mwenye haraka, akanyakua kopo. Ndipo ukainuka mkono wenye vidole viwili visivyokunjika.

"Kikombe kwanza," akasema mdogo wa marehemu.

Na sisi sote, umati mzima, tukakaa chini kungoja jiko moja lipoe.

Kwa mdogo wa marehemu, kwa binti yetu anayepanda mlima Jumatatu na jiko la shangazi yake, na kwa familia yote, poleni sana. Mungu awape subira. Nawe msikilizaji mpendwa, jiko lako likizimika leo, kaa kwanza. Na kama kuna mtu wako ambaye kikombe chake kimekaa rafuni miaka, kioshe. Huenda yuko njiani.