Mzee Gonga, Fundi wa Ngazi Zisizotikisika

Baba yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Gonga, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu wa mchoma matofali na mshonaji. Bibi alisimulia kwamba alizaliwa asubuhi ya mvua, akalia kidogo tu, kisha akanyamaza kusikiliza bati.

Alianza shule mwaka 1957, akaacha mwaka 1963 baba yake alipofariki. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku kaparua, lakini hesabu alizipenda hadi uzeeni.

Mwaka 1964 mjomba wake alimfundisha uashi. Kuta alijenga nyingi, ila kazi iliyomkaa moyoni ilikuwa kutengeneza ngazi za nje ambazo mawe yake yameachia. Hakupanda ngazi ya mtu kabla hajagonga kila jiwe kwa mpini wa nyundo, sikio kalitega. Ndiyo asili ya jina lake, na ndiyo sababu tulichelewa harusi nyingi.

Mama yetu, aliyekuwa muuguzi, alikutana naye kwenye ngazi za zahanati.

"Dada, usikanyage hapo, saruji mbichi!"

Akakanyaga. "Na wewe ungeweka kamba," akamjibu.

Marehemu akaling'oa jiwe, akalipanga upya, na kesho yake Mama akaja kuomba radhi. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Februari 2021 alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Aliporudi kutoka hospitali alikataa katakata kutoka nje; hakutaka majirani wamwone akibebwa kama gunia. Miezi ikapita. Baba mcheshi akawa mtu wa kutazama ukuta.

Kisha jiwe moja la ngazi za mbele likaanza kucheza. Kaka yetu akataka kuita fundi.

"Fundi gani aguse ngazi zangu nami ni hai?"

"Basi nitalitengeneza mimi," akasema Mama. "Wewe kaa mlangoni useme."

Akalinyanyua jiwe kwa mtaimbo, akakwangua saruji iliyokufa, akalowesha, akatandika saruji mpya, akalilaza.

"Gonga," akasema Baba.

Mama akagonga.

"Chini kuna uwazi. Ng'oa."

"Baba watoto, mgongo wangu!"

"Ng'oa, mama. Saruji haijui mapenzi."

Mama akacheka mpaka akakaa chini, na Baba, kwa mara ya kwanza tangu augue, akacheka naye. Jiwe lilipolazwa tena na kugongwa, akafumba macho akisikiliza. "Hapo sawa. Hilo limeshika."

Saruji ilipokauka, aliomba shati lake jeupe. Akaegemea bega la Mama, akashuka kwa miguu yake mwenyewe hadi barabarani. Kinyozi wa jirani alimwacha mteja na nusu ya ndevu, akaja mbio kumpa mkono. Tangu hapo kila jioni alikaa nje akitaniana na wapita njia.

Mwaka huu moyo wake ulichoka. Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 2 Juni 2024, mkono wake mkononi mwa Mama. Neno lake la mwisho lilikuwa swali: "Umekula?" Mama alimwambia amekula, ili alale bila wasiwasi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake mmoja.

Mama amekula leo, Baba. Pumzika kwa amani.