Ubeti wa Mizani

Mwangaluka, wapendwa. Bwana wetu na asifiwe hata asubuhi hii. Akina mama wa usharika wameniomba nisimame niseme jinsi Mungu alivyonirudishia sauti. Nitasema, lakini sitatabasamu. Anayetaka ushuhuda mtamu asubiri mwingine baada yangu.

Mnanijua, mimi ni mtunzi wa kwaya. Situngi kutoka hewani. Nafungua Biblia, nachukua neno, nalirudiarudia nikilima mpaka likubali kuimbika. Ule mwaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika Bariadi, nilitunga wimbo wa sikukuu ya Mavuno. Ubeti wa kwanza niliutoa kwenye Zaburi: tulipanda tukilia, tutavuna tukishangilia. Kanisa zima liliupenda. Wa pili niliutoa kwa Amosi na Mika: Mungu anaiona mizani iliyopindwa, anayajua mawe ya uongo mfukoni.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo moto ulipowaka. Sote tulijua kwamba mzigo wa pamba unaokuvunja shingo kutoka Nkololo, ukifika kwenye mizani ya bwana mmoja mnunuzi, unakuwa mwepesi ghafla. Na bwana huyo alikuwa ameliahidi kanisa mabati. Siku ya Mavuno angekaa kiti cha mbele! Mzee mmoja wa kanisa akaniita pembeni.

"Mama, ubeti wa pili utoe. Utamkwaza mgeni."

"Maneno si yangu, baba. Ni ya Amosi."

"Amosi hatuletei bati."

Mnacheka? Mimi sikucheka. Nilikataa, nikatolewa kwenye kwaya. Siku ya Mavuno waliimba ubeti wa kwanza mara mbili kuziba pengo, na mgeni akapiga makofi. Baadhi yenu mlikuwemo mkiimba. Msiangalie chini, nimeshawaona.

Nikaanguka. Nikaacha kanisa, nikaacha kutunga. Mama yangu alipofariki nilisimama kaburini nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Mimi niliyeimba kwenye misiba ya kila mtu! Mama yangu akafukiwa bila sauti ya mwanawe. Hilo bado linaniuma, na msiniharakishe kusamehe.

Msimu uliofuata shangazi yangu alinivuta kwa nguvu twende na kikundi kupalilia pamba. Kwetu jembe haliendi bila wimbo. Aliyeongoza siku ile alikuwa mama ambaye hajawahi kubatizwa, bado anatambikia wazee wa kwao. Akaanzisha ubeti wangu uleule: Mungu anaiona mizani! Mstari mzima ukaitikia, majembe yakashuka pamoja. Nikabaki nimesimama kama kisiki.

Shangazi akanisogelea. "Ng'wanawane, waliufukuza kanisani, ukaja shambani wenyewe. Mtoto wangu, wewe unasubiri nini?"

Nikaimba. Nililia, nikaimba, nikapalilia mpaka mpini ukanichubua mikono.

Jumapili niliingia kwenye baraza la wazee. Nikaweka mezani Biblia yangu, na juu yake wembe. Nikasema, "Kateni. Amosi sura ya nane, Mika sura ya sita. Mkishazitoa humu, nami nautoa ubeti."

Hakuna aliyeugusa ule wembe. Mwinjilisti akaichukua Biblia akasoma zile sura kwa sauti, polepole, na yule mzee hakuinua uso. Mavuno yale tuliimba wimbo mzima. Bwana wa mizani, ambaye mabati hakuwa ameyaleta bado, akatoka kabla sadaka hazijanadiwa, akaenda zake na mabati yake.

Namshukuru shangazi. Namshukuru mwinjilisti aliyesoma bila kuogopa. Zaidi namshukuru yule mama asiyebatizwa, aliyelitunza neno la Mungu wakati sisi tuliobatizwa tumelitupa. Ninalowaomba ni hili: usipende mavuno ya Zaburi ukaikimbia mizani ya Amosi. Kitabu ni kimoja.

Na nyie mnaoninong'oneza kwamba nimeshapona, sasa niache hasira: Amosi alichunga mifugo kama baba zetu, na hakunena kwa upole. Msiniombee hasira initoke. Ombeni mizani inyooke kwanza.