Jina la Mjomba Kwenye Mlango wa Lori

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, na ninyi wa nyuma karibu na mlango mnaotaka kuwahi sokoni. Sitawachelewesha. Mimi ni Agneta wa kwaya ya akina mama, yule mwenye lori la bluu linalopita hapa Nachingwea msimu wa ufuta na msimu wa korosho. Leo nataka kuwaambia jinsi lori lile lilivyonifunga, na jinsi Mungu alivyonifungua.

Lori lilikuwa la mjomba wangu Kosmas wa Mbekenyera, kaka wa mama yangu. Sisi Wamwera mnatujua, mjomba kwetu ni mzazi. Mama alipofariki nilikuwa darasa la pili, na mjomba ndiye aliyenichukua. Alinifundisha kuujua ufuta uliokauka kwa kuusikiliza tu ukimwagika kiganjani. Lile lori alilipata kwa jasho la mikorosho yake. Akaliandikisha gari la binafsi, namba ya njano, la kubebea mazao ya shamba lake mwenyewe. Kisha akachukua rangi nyeupe, akaandika mlangoni kama sheria inavyotaka: jina la mwenye gari, mahali anapokaa, na uzito wa gari likiwa tupu.

Aliandika kwa mkono wake, fundi hakumtaka. Herufi zilipanda mlima, na ile ya mwisho ya jina ilikosa nafasi akaisukumia chini ya kitasa. Mimi nilikuwa msichana, nimesimama pembeni na kopo la rangi, na niliona hakuna maandishi mazuri kama yale Ruangwa nzima. Hadi leo nikifumba macho nayaona.

Basi mjomba akaugua. Siku ya mwisho alinishika mkono akaniambia lori ni langu. Mimi kwa uchungu nikamwinamia nikasema, mjomba, jina lako halitafutika kwenye lile lori maadamu niko hai. Ndugu zangu, hakuniomba! Ahadi ile niliitunga mwenyewe pale kitandani, na kuanzia siku ile ikawa kamba shingoni mwangu.

Maana nilianza kuogopa. Kwetu jina la mtu aliyekufa si kitu cha kuchezea, nami nilijiaminisha kwamba siku nitakayoligusa lile jina nitaanguka pale pale. Kila asubuhi kabla gari halijawashwa nilikuwa nakwenda kwenye tairi la mbele, nasema shikamoo mjomba, namwaga kiganja cha unga wa mtama chini, namwomba atutangulie njiani. Na Jumapili niko hapa mbele yenu nimevaa kitenge cha kwaya, naimba sauti ya pili! Msinicheke, nacheka mwenyewe. Dereva wangu Saidi, Mwislamu mtu wa sala zake, alikuwa anageuka upande mwingine kila nikimwaga. Siku moja alishindwa kujizuia, akaniuliza kama sasa tuanze kuyapikia matairi na mboga.

Kadi ya gari nayo ikabaki na jina la mjomba. Sheria naijua, sitajifanya mjinga mbele ya Mungu. Gari likibadilisha mwenyewe, kadi inabadilishwa. Mwenyewe akifariki, ukoo unakaa, mahakama inamthibitisha msimamizi wa mirathi, halafu ndipo unakwenda ofisi ya mapato. Watu waliniambia. Kila wakati nikasema kesho. Tatizo ni kwamba huko kote lazima mtu atamke kwa mdomo wake kwamba Kosmas amekufa, na mimi neno hilo nilikuwa sijalitamka. Nikiulizwa nilisema mjomba yuko shamba. Rangi ya mlangoni ikachakaa, uzito ukawa hausomeki, reflekta za nyuma zikabanduka, nami sikutaka fundi yeyote alisogelee lile gari na brashi.

Halafu zikaja ndoto. Zilikuja alfajiri, na baadaye zikaja hata mchana nikiwa nimekaa napepeta ufuta. Naiona mikorosho ya Mbekenyera wakati wa kupuliza salfa, ule unga mwepesi wa dawa umetanda katikati ya matawi, jua linapita ndani yake taratibu, dunia nzima ya manjano. Lori linakuja bila mlio. Mjomba yuko kwenye usukani, amevaa shati lake la siku zote, kope zimemlemea. Watu wa kijijini wanampungia mkono naye hawezi kusimama. Akifika usawa wangu anageuza uso polepole, ananiambia, "Agneta, nishushe."

Naamka na ladha ya salfa ulimini. Na mimi, kwa akili zangu hizi, nikadhani anaomba unga! Nikaongeza, vikawa viganja viwili. Akarudi amechoka zaidi. Miaka miwili nilitembea hivyo, nusu niko hapa na nusu niko kule kwenye ule ukungu. Mtu ananisalimia njiani namwitikia kesho yake.

Ikafika asubuhi moja ya mwezi wa sita. Tulikuwa tunatoka Mbekenyera na ufuta wetu na wa majirani wawili. Mashambani watu wanapuliza salfa, ukungu umeshuka hadi barabarani, nami nimeegemea dirisha nasinzia, sijui kama niko macho. Kabla ya kuingia Ruangwa mjini tukasimamishwa na askari wa usalama barabarani, dada mmoja mpole, hana haraka. Alilizunguka lori lote. Akapitisha kidole kwenye herufi za mlangoni, akakitazama kile kidole, akaomba kadi. Akauliza Kosmas ni nani. Nikasema mjomba wangu. Akauliza yuko wapi.

Nikasema yuko shamba.

Saidi alifumba macho. Askari akasema basi nimpigie simu. Nikasema huko aliko hakuna mtandao. Kwa kweli hapo sikudanganya sana! Lakini njia ya mwongo ni fupi. Yule dada aliandika kwenye daftari lake kwa utulivu, akatuambia ufuta uhamishiwe gari lingine ili watu wasikose mnada wa ufuta, na lori liende kituoni, likae hapo mpaka mwenyewe aje na kitambulisho chake kulichukua.

Ndugu zangu, fikirini. Lori la mjomba, kitu pekee alichoniachia, limefungiwa uani linamsubiri marehemu! Na hakuna mtu duniani angeweza kulitoa isipokuwa mimi, kwa neno moja ambalo sikuwa na ubavu wa kulisema. Nikilisema, jina litafutwa na mimi nitakufa. Nikinyamaza, lori litaozea pale. Saidi alinisihi niseme. Nikamwambia aniache.

Nilikaa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi. Mchana jua likawa kali, kichwa kikawa kizito, macho yakanifumba. Nikaliona lori palepale uani lilipo, mlango uko wazi, na ule unga wa manjano unashuka juu yake kimya kimya. Mjomba yumo ndani. Mikono yake ameiweka mapajani. Akanitazama, hana hasira hata kidogo, akasema, "Mpwa wangu, nishushe. Miguu imekufa ganzi."

Hapo ndipo Bwana aliponifungua macho! Haleluya! Mjomba wa watu alikuwa haombi unga. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemweka mtu kwenye usukani, namwendesha Mbekenyera, Ruangwa, Nachingwea, masika na kiangazi, simpi nafasi ya kushuka akapumzike. Niliinuka kwenye lile benchi, nikaingia ndani kwa yule askari kabla woga haujanirudia.

"Afande, nilikudanganya," nikamwambia. "Mjomba alifariki. Nilimzika mwenyewe."

Nililia, ndugu zangu. Nililia kilio ambacho kwenye msiba sikukilia. Yule dada alinisukumia kiti, akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akaningoja mpaka nimalize. Akanionya kwamba kumdanganya askari ni kosa na angeweza kuniweka ndani, na faini ya makosa ya gari nitalipa. Halafu akasema maneno ambayo sitayasahau.

"Pole sana, mama. Lakini marehemu hamiliki lori."

Nimesikia mahubiri mengi mimi. Hakuna neno lililonichoma kama hilo. Marehemu hamiliki lori! Hadaiwi kadi wala faini, hatakiwi kututangulia popote, hana safari yetu tena. Yuko mikononi mwa Bwana, na mizigo ya duniani ni yetu sisi tuliobaki.

Basi nikaanza safari ya makaratasi. Ukoo ukakutana Mbekenyera kuniandikia muhtasari wa kupeleka mahakama ya mwanzo. Nilikwenda na hofu, nikijua kuna atakayesema nalifuta jina la mjomba. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeuliza. Alisema hana ubishi na lori, lori ni langu, anataka kujua jambo moja: jina la kaka yake likitoka pale mlangoni linakwenda wapi, maana hata kaburini hakuna.

Ni kweli, ndugu zangu. Kaburi la mjomba lilikuwa na msalaba mtupu wa mbao, hauna hata herufi. Mimi ndiye niliyekataa lisiandikwe, kwa sababu jina likikaa pale litakuwa limesema amekufa. Nililiacha kaburi bila jina, jina nikalizungusha barabarani. Niliinama nikamshika mama mdogo miguu, nikamwambia nitalipeleka linakostahili.

Mahakama ikanithibitisha, kadi ikatoka ina jina langu, na mkaguzi wa magari akaniandikia mambo ya kutengeneza. Fundi wa rangi pale Ruangwa akaanza kuusugua mlango kwa msasa. Nilisimama karibu nimeushikilia, nikisubiri kuanguka. Herufi ya kwanza ikaondoka. Ya pili. Kuku akapita chini ya gari. Ikaondoka na ile ya chini ya kitasa, pakabaki bluu tupu, na mimi bado nimesimama, napumua! Fundi akaandika: Agneta, na ukoo wangu, Nachingwea, na uzito wa gari likiwa tupu. Akabandika reflekta nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kwenye kopo ikabaki rangi kidogo.

Nikamwomba fundi apande na kopo lake, tukaenda Mbekenyera tukiwa watatu, Saidi akiendesha. Mama mdogo alikuwa anatusubiri kaburini, amekwisha fagia. Rangi ileile iliyoandika mlango ikaandika msalaba. Fundi alitaka kupiga mstari kwanza ili herufi zinyooke. Nikamkataza. Nikamwambia herufi zipande mlima, na ya mwisho aishushe chini kidogo. Mama mdogo alipoiona akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Jina tuliandika, na kijiji tuliandika. Uzito hatukuandika, alishautua.

Niliota mara moja tu tangu siku ile. Ukungu uleule, mikorosho ileile. Lori likasimama njiapanda, na safari hii nilisikia breki. Mjomba akafungua mlango akashuka, akanyoosha miguu, mmoja, kisha mwingine. Akaupapasa mlango kwa kiganja, akaingia mikoroshoni anatembea kama mtu aliyefika kwake. Sikumwita.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu. Namshukuru kwa yule askari, namshukuru kwa Saidi aliyenivumilia. Unga wa mtama siku hizi tunapikia uji. Na wewe uliyekaa hapo, uliyemweka mtu wako kwenye usukani na hujamruhusu kushuka, usiogope kutamka neno. Litamke mbele za Bwana. Hutaanguka. Yeye alikwisha kumpokea wako, anakungoja wewe tu umwachie.

Lori liko hapo nje, nimeliegesha makusudi karibu na mlango. Mkitoka, lizungukeni mlisome.